Unaokoa mji mzima kwenye gemu. Je, mtaani kwenu utaokoa nani?

Kuna gemu ya kompyuta inayoitwa 911 Operator. Huenda umeiona kwa rafiki, au umetazama watu wakiicheza YouTube. Iliundwa na kampuni ya Jutsu Games ya Poland, ikatoka 2017. Haina mbio za magari wala bunduki ya kushika. Wewe ni yule mtu anayepokea simu za dharura. Mbele yako kuna ramani ya mji, magari machache ya polisi, ambulensi kadhaa na zimamoto. Simu inalia: mzee ameanguka bafuni. Kabla hujamalizana naye, duka linavunjwa upande wa pili wa mji. Mara moto unazuka. Una ambulensi mbili na majeruhi watano. Unatuma nani wapi?

Utamu wenyewe ni kwamba si lazima ucheze na mji wa Marekani. Gemu hii hutumia ramani za miji halisi kutoka OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Chagua Nairobi uone Jogoo Road, Thika Road na barabara unazopita na matatu kila asubuhi. Zote ziko pale, zinakusubiri uzitumie kuokoa watu.

Lakini Nairobi ya kwenye skrini ni mji wa ajabu kidogo. Kila mtu ana anwani, kila gari lina njia ya kupita, na kila majeruhi ana pa kupelekwa. Nairobi unayoishi wewe unaijua. Hata kama uko Mombasa, Kisumu au Nakuru, unajua ninachosema.

Basi tuulize wazi: gemu hizi zinakufundisha chochote cha kukusaidia siku jirani yako atakapoungua, au zinakudanganya tu? Zinafanya yote mawili. Ni vizuri ujue wapi zinafundisha na wapi zinadanganya, kwa sababu siku hiyo hutapata nafasi ya kuanza upya.

Pale gemu zinaposema kweli

Tuanze na sifa. Jambo la kwanza ambalo 911 Operator inakuonyesha ni kwamba huduma za dharura ni kazi ya kuchagua. Magari hayatoshi. Ukituma ambulensi kwa aliyevunjika kidole, aliyepatwa na mshtuko wa moyo atasubiri. Wahudumu wa dharura kote duniani huishi na hesabu hiyo kila siku: nani asipopata msaada sasa atakufa, na nani anaweza kungoja ingawa ndiye anayepiga kelele zaidi. Mara nyingi anayelia kwa sauti kuu si aliye katika hali mbaya zaidi. Aliyenyamaza ndiye wa kumwangalia kwanza.

Jambo la pili ni simu za mzaha. Kwenye gemu, mtu anakupigia kukupotezea wakati huku simu ya kweli ikingoja. Inaudhi, sivyo? Sasa wafikirie wanaopokea simu za 999 hapa Kenya, ambao wamekuwa wakilalamika kuhusu watoto na watu wazima wanaopiga kwa utani. Ukishacheza gemu hii saa moja tu, hutawahi tena kuona utani huo ukichekesha.

Jambo la tatu ni kusikiliza. Katika gemu hiyo, mwanamke anapiga simu na kuagiza piza. Mchezaji mwenye haraka anamkatia. Anayesikiliza vizuri anatambua kwamba aliye karibu na mwanamke huyo ndiye anayemtesa, na hawezi kusema wazi. Si hadithi ya kubuni tu. Novemba 2019, katika mji mdogo wa Oregon, jimbo la Ohio nchini Marekani, mwanamke alipiga 911 akaagiza piza. Mpokeaji alishangaa kwanza, kisha akaelewa, akaanza kumuuliza maswali ya kujibiwa kwa ndiyo na la. Polisi walitumwa. Mama wa mpigaji simu alikuwa akishambuliwa nyumbani.

Wataalamu wenyewe hawadharau gemu. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilishirikiana na wazimamoto wa New York kuunda HazMat: Hotzone, gemu ya kuwafunza wazimamoto namna ya kukabili kemikali hatari kabla hawajakutana nazo kweli. Na mwishoni mwa 2007, mwanamume mmoja katika jimbo la North Carolina aliwatoa majeruhi kwenye gari lililopinduka na kumzuia mmoja wao asivuje damu zaidi. Hakuwa daktari. Alieleza kwamba alijifunza huduma ya kwanza kwenye America's Army, gemu ya jeshi la Marekani ambayo ilimlazimu mchezaji kukaa darasani na kufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kucheza kama tabibu.

Shika hapo: kilichomsaidia yule jamaa ni somo alilolisikiliza na kulikumbuka. Kubonyeza vitufe peke yake hakungemsaidia kitu.

Uongo wa kwanza: kila mtu ana anwani

Kwenye gemu, unamuuliza mpigaji simu yuko wapi, anakutajia barabara na namba ya nyumba, na alama inajitokeza kwenye ramani. Sekunde chache tu.

Wewe nyumba yako ina namba gani? Labda ni D12, lakini D12 ya ploti gani? Barabara ya nje inaitwaje? Wengi wetu tunaelekezana hivi: shuka stage ya mwisho, pita kwa muuza makaa, kuna kanisa la mabati, halafu uliza kwa mama mboga. Inafanya kazi ukija kula chapati. Haifanyi kazi saa tisa usiku, moto ukiwaka na mama mboga akiwa amelala.

Nambari ya dharura ya kwanza duniani, 999, ilianzishwa London mnamo 30 Juni 1937. Hiyo ilikuwa baada ya moto wa Wimpole Street wa Novemba 1935 uliowaua wanawake watano, huku jirani aliyepiga simu akisubirishwa kwenye foleni ya simu za kawaida. Marekani ilifuata na 911. Simu ya kwanza ilipigwa Haleyville, Alabama, 16 Februari 1968. Ulaya ikakubaliana kuhusu 112 mnamo 1991. Huko, teknolojia imeendelea hadi katika nchi nyingi simu ya kisasa hutuma yenyewe mahali ulipo mara tu unapopiga nambari ya dharura. Hapa kwetu, usiiachie simu kazi hiyo. Anwani ni mdomo wako.

Kwa hivyo andaa maelezo yako mapema, wakati moyo haudundi kwa hofu. Tafuta alama moja kubwa ambayo hata mgeni anaijua: kituo cha mafuta, shule, soko, kituo cha polisi. Kisha upande na umbali: "Ukitoka shule kuelekea mtoni, lango la tatu kushoto, jeusi." Fungua ramani kwenye simu yako, bonyeza mahali nyumba ilipo, uhifadhi kiungo chake ili uweze kukituma mara moja. Na dharura ikitokea, mtume mtu asimame barabarani na tochi kulipokea gari. Hatua hiyo ndogo ya mwisho huokoa dakika ambazo hakuna dereva wa ambulensi anayeweza kuzipata kwa kukanyaga mafuta.

Nambari zenyewe: polisi ni 999, 112 au 911, zote tatu. Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya lina 1199, unapiga bure. Ongeza na nambari ya zimamoto ya kaunti yako na ya hospitali iliyo karibu nawe. Usizitafute siku ya tukio. Bando huisha siku hiyo hiyo.

Ukipiga, sema kwanza uko wapi, halafu nini kimetokea, halafu ni watu wangapi na hali yao. Ukianza na hadithi ndefu na simu ikakatika, wanajua kisa ila hawajui waje wapi.

Na turudi kidogo kwenye ile ramani ya gemu. Hadi 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani zilizokuwa wazi kwa umma. Vijana wa hapo hapo, chini ya mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakaandika njia, zahanati, vyoo, shule na maji kwenye OpenStreetMap. Kwa hivyo ukicheza gemu hiyo ukaona kichochoro cha Kibera, jua kuna kijana aliyekipita kwa miguu. Ramani hiyo hata wewe unaruhusiwa kuiongezea. Njia ya mtaani kwenu ikikosekana pale, hakuna wa kuijaza anayeijua kuliko wewe.

Uongo wa pili: njia iko wazi

Firefighting Simulator – The Squad ilitoka 2020. Unacheza na wenzako hadi mkawa wanne, mnafika na gari kubwa jekundu, mnaunganisha mpira kwenye bomba la maji la barabarani, mnaingia ndani. Moshi unavyozidi kuwa mweusi, ukifungua mlango bila kufikiri, hewa inaingia na moto unakulipukia usoni. Hilo la mlango ni kweli kabisa, na ni somo zuri: mlango wenye joto usiufungue, na ukitoroka moto, ufunge mlango nyuma yako.

Lakini bomba la maji la barabarani mtaani kwenu liko wapi? Huenda lipo na limejengewa kibanda juu. Huenda halijawahi kuwepo. Na gari la zimamoto lina upana wa lori. Kichochoro cha Mukuru au Mathare ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, gari hilo litaingiaje? Si mara moja tumeona kwenye habari wazimamoto wakifika na kupokelewa kwa mawe kwa sababu wamechelewa. Hasira inaeleweka, watu wanaangalia maisha yao yakiteketea. Ila jiwe halileti maji. Kufungua njia, kuondoa mikokoteni na boda zilizoegeshwa kunayaleta karibu.

Kwenye gemu, umati ni picha tu. Watu wanasimama pembeni, wanapunga mikono, hawafanyi kitu. Hapa kwetu umati ndio kila kitu. Ndio msaada, na ndio hatari.

Ndio hatari: tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuchota petroli. Ilipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Septemba 2011, mafuta yalivuja kwenye bomba Mukuru Sinai, Nairobi, watu wakachota, na yakawaka tena. Takriban watu 100 wakapoteza maisha. Ukiona lori la mafuta limeanguka, kazi yako si kutafuta mtungi wala kupiga video. Kimbia upande upepo unakotoka, na uwavute wenzako.

Ndio msaada: 1998 ndio mwaka Wajerumani walitoa gemu ya kwanza ya mfululizo wa Emergency, ambamo mchezaji huongoza wazimamoto, polisi na madaktari kwenye majanga makubwa. Mwaka huo huo, tarehe 7 Agosti, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi. Jengo jirani la Ufundi lilianguka. Watu 213 walikufa jijini, na maelfu wakajeruhiwa. Hakukuwa na mchezaji aliyekaa juu akiona mji mzima. Waliofika kwanza walikuwa makarani, wachuuzi, wapita njia na madereva wa matatu. Walichimbua vifusi kwa mikono na kupeleka majeruhi hospitalini kwa gari lolote lililokuwa na magurudumu.

Tangu wakati huo huduma zimeongezeka. Kuna ambulensi za kaunti, za Msalaba Mwekundu, za St John na za kampuni binafsi, na kuna Flying Doctors wa Amref ambao wamekuwa wakiruka kuokoa watu tangu 1957. Hata hivyo, ajali ikitokea leo kwenye barabara yenu, anayefika kwanza bado ni yule yule: mwendesha boda, muuza mahindi, mwanafunzi anayetoka shule. Wewe.

Uongo wa tatu: hospitali inapokea kila mtu

Katika gemu za Emergency, ukishampakia majeruhi, ambulensi inaendesha hadi ukingo wa ramani na kutoweka. Kazi imeisha, pointi zinaingia. Huko nje ya ramani hujui kunatokea nini, na hujali.

Kenya tunajua kunachoweza kutokea huko. Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18. Alizungushwa hospitali moja hadi nyingine akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Gari lilikuwepo. Wahudumu walikuwepo. Kilichokosekana ni mlango wa kumpokea.

Hapa kuna kitu ambacho gemu haiwezi kukupa lakini sheria imekupa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza maana yake: huduma kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa anapohitaji kupelekwa kwingine. Hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo, ni kosa, na faini yake inaweza kufika Sh3 milioni.

Kwa hivyo ukimfikisha mtu na uambiwe "lipa kwanza," usigeuke kimya kimya. Huna haja ya kupigana wala kutukana askari wa lango. Uliza jina la anayehusika zamu hiyo, sema kwa sauti ya kawaida kwamba hii ni dharura, na taja Kifungu cha 43. Omba mgonjwa aimarishwe kwanza, halafu mambo mengine yafuate. Andika saa mliyofika. Ambaye anajua haki yake husikilizwa tofauti na anayeomba tu.

Dakika kumi zako

Sasa tuingie kazini. Kati ya tukio na gari kufika kuna pengo, na pengo hilo gemu hulifupisha kwa sababu hakuna mchezaji anayetaka kungoja. Haya ndiyo ya kufanya ndani yake.

Damu inayotiririka: weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu. Usifunue kila mara kuangalia kama imekoma. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Aliyezirai na hapumui kawaida: mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama hujafunzwa kupuliza pumzi, endelea kubonyeza tu, mkipokezana. Utachoka haraka, ndiyo maana unahitaji mwenzako.

Aliyezirai lakini anapumua, na hakuna dalili ameumia mgongo: mgeuze alale kwa ubavu ili asisongwe na matapishi.

Aliyeungua: maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga. Nguo iliyonata kwenye ngozi usiibandue.

Aliyeanguka na boda au kugongwa: usimnyanyue kwa mikono na miguu na kumkunja nyuma ya Probox. Uti wa mgongo ukiwa umeumia, unaweza kummalizia hapo hapo. Kama hakuna moto wala gari linalokuja, mwache alipo, mshikilie kichwa kisitikisike, na uwaweke watu wa kuzuia magari. Kofia ya pikipiki iache kama anapumua vizuri.

Harufu ya gesi nyumbani: usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi yoyote. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje, halafu upige simu ukiwa mbali.

Haya yanasomeka kwa dakika mbili, lakini mikono haijifunzi kwa kusoma. Msalaba Mwekundu na St John hufundisha huduma ya kwanza kwa vitendo, na ukijiunga kama kijana wa kujitolea utapata mafunzo na wenzako wa kufanya nao kazi. Kama mna kikundi mtaani, chama, timu ya mpira au stage ya boda, changeni pamoja mwalikwe mkufunzi siku moja. Stage yenye watu watano wanaojua kuzuia damu ni kama ambulensi iliyoegeshwa pale pale, bila king'ora.

Kwa hivyo endelea kucheza. Tuma magari, zima moto, okoa mji, hakuna ubaya. Lakini leo jioni, kabla hujabonyeza kuanza, simama langoni mwa ploti yenu na ujaribu kumweleza mgeni kwa sentensi moja namna ya kufika hapo gizani. Mwambie unayeishi naye akusikilize. Asipoelewa, rekebisha hadi aelewe, kisha mwandikieni kila mtu wa nyumba hiyo sentensi hiyo kwenye simu yake, pamoja na 999 na 1199.